Muhuri wa Nasser Road

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Mtu ameishi miaka yake yote akitazama saa ya thieta, chumba cha upasuaji, akitaja kwa sauti dakika aliyotoka mtoto na dakika kidonda kilipofungwa, halafu mnampa saa nyingine aende nayo nyumbani. Nilicheka kimoyomoyo, nikashukuru, nikakata keki. Sasa imetundikwa hapa Kisugu, juu ya meza ninayoandikia, na ndiyo yenye kelele kuliko kitu kingine chochote humu ndani. Hata nikiwa bafuni naisikia.

Sista Akello, aliyeshika nafasi yangu, ameniomba niwaandikie nyinyi manesi na madaktari wapya yale niliyoyaona kazini. Vyeo sitavitaja, vilikuja vikapita. Nitaandika juu ya kitu mnachokiona ni adhabu baada ya kazi yenyewe kwisha: ile karatasi ya maelezo ya operesheni. Najua mnaniita Mama Karatasi. Nililijua jina hilo kabla ya baadhi yenu kuajiriwa, kwa hiyo msiogope.

Nilikuja Kampala kutoka Bungoma nikiwa nimeolewa na dereva wa malori. Cheti cha uuguzi nilikuwa nacho, Luganda sikuwa nacho hata neno moja. Siku yangu ya kwanza thieta nilivaa buti za mpira za daktari mkuu kwa sababu ndizo zilizonitosha, na hakuna aliyethubutu kuniambia mpaka mwenyewe alipoingia pekupeku kuzitafuta. Aliyeniokoa ni Nnalongo, muuguzi mkongwe wa pale. Watu walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mama wa mapacha, na jina lake la cheti nililijua kwenye mazishi yake tu. Alinivua buti, akanipa ndara, akaniweka pembeni nihesabu vitambaa vya kufutia damu.

Nnalongo alifunga kalamu yake kiunoni kwa kamba ya bandeji, maana alisema kalamu za thieta zina miguu. Hesabu ya vitambaa aliiandika ubaoni kabla ya kisu, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, na kabla ya kufunga ngozi. Wakati wa chai alikuwa anasoma mafaili ya zamani kama wengine wanavyosoma gazeti. Ndiye aliyenionyesha jinsi maandishi yetu yalivyokuwa mabaya. Mzee mmoja alikuwa amepasuliwa tumbo, na faili lake lilisema kwamba kazi imefanyika ilivyopangwa. Ilipangwaje? Hapakuwa na mstari mwingine. Aliporudi na maumivu tulimfungua tena ili tujue tulichokuwa tumemfanyia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nnalongo aliongeza kuwa hata utumbo ni mali.

Utaratibu wa siku hizo ulikuwa huu. Daktari akimaliza anavua glavu, anakwenda kunywa chai, anaingia kwa mgonjwa wa pili, wa tatu, wa nne. Karatasi zinalundikana. Jioni anakaa mbele ya lundo lile akijaribu kukumbuka tumbo lipi lilikuwa la nani. Mara nyingi aliniuliza mimi, nami nilijibu kwa ujasiri wa mtu ambaye jina lake haliandikwi chini.

Nnalongo alipostaafu na kurudi kwao Masaka, karatasi za thieta ziliangukia mikononi mwangu. Kina mama wa kupasuliwa ili wajifungue ndio walikuwa wengi, na maelezo yao yalifanana. Basi nikapata akili. Niliandika maneno machache kwenye kipande cha karatasi, nikashuka mjini hadi Nasser Road wanakochapisha kila kitu kuanzia kadi za harusi hadi vyeti, nikamwagiza fundi anichongee muhuri wa mpira. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: mfuko wa uzazi umekatwa chini, kwa upana, mtoto ametolewa hai, mfuko umefungwa kwa tabaka mbili, damu iliyopotea ni ya kawaida, mama ana hali nzuri. Chini yake nafasi ya saini. Unagonga, daktari anasaini, mnakwenda kwa mwingine.

Nilisifiwa sana. Hospitali mbili za jirani zilituma watu waje kuangalia. Nilikuwa mgeni, Mkenya wa thieta, na kwa mara ya kwanza watu walilijua jina langu kwa jambo jema. Nnalongo alipokuja kututembelea nilimwonyesha kwa furaha. Aliugonga mara moja kwenye kiganja chake, akausoma, akanirudishia.

"Iko sawa kwa bahasha," alisema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Lakini hiyo kitu hapana ona nani amerara mezani."

Nilidhani ni wivu wa wazee. Nilimpa chai, nikaufuta wino kwenye kiganja chake, tukazungumza mambo mengine.

Sasa nifike kwa mama ambaye nitamwita Furaha. Alikuwa Mkongo, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, mimba ya kwanza, akiuza samaki wa kukaushwa sokoni Ggaba. Aliletwa mchana, mtoto amelala mkingamo na mkono umeshatoka nje. Mle thieta hakuna aliyeweza kuongea naye vizuri isipokuwa mimi. Nilimshika kichwa wakati wa sindano ya mgongo, nikimweleza kila hatua kwa Kiswahili, naye akinijibu kwa Kiswahili chao. Daktari Lubowa alikata ngozi kama kawaida, chini, kwa upana. Lakini ndani palikuwa pembamba mno, mtoto hatoki. Ikabidi aukate mfuko wa uzazi wima, kutoka chini mpaka sehemu ya juu yenye nyama nene. Mtoto akatoka, msichana, akalia.

Mnaosoma mnajua maana yake. Mfuko uliokatwa vile hauwezi kuvumilia uchungu wa mimba nyingine. Unaweza kupasuka. Na kwa nje kovu la ngozi haliwezi kukwambia lolote, linafanana na la kila mtu. Daktari Lubowa alinigeukia kabla ya kuvua glavu.

"Sista, hii nakata ya urefu, mpaka juu. Andika. Alafu ambia yeye: mimba ingine, hapana ngoja uchungu. Nakuja mapema, tunakata."

Nikasema ndiyo. Nikavuta karatasi, nikagonga muhuri kwa mazoea ya mkono, nikiwa na nia ya kuongeza maneno yale kwa kalamu. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingizwa mama mwingine ambaye kitovu cha mtoto kilikuwa kimetangulia, na huyo hangojei mtu aandike. Daktari akasaini karatasi ya Furaha akiwa amesimama. Hakuisoma. Kwa nini aisome? Wote tulijua inasema nini.

Jioni, na hili ndilo linaloniuma kuliko muhuri, nilikwenda wodini hasa kumwambia. Nilikuwa nakumbuka. Furaha alifurahi kuniona kama dada yake, akanipakatisha mtoto, akaniambia amempa jina langu, Beatrice. Mimi sikujaliwa mtoto. Mume wangu wakati ule alikuwa ameanza kukaa safari ndefu upande wa pili wa mpaka, na miezi ilikuwa inapita bila mtu kuniita kwa jina hilo, kila mtu ananiita Sista. Nilikuwa na njaa ya kuongea. Tuliongea habari za kwao na za kwetu, jinsi wanavyopika sombe, majani ya muhogo, na jinsi sisi tunavyopika kunde, akaniigiza nilivyomkemea mezani asitikisike, tukacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika. Kila nilipotaka kusema niliona nitaharibu. Nikajiambia nitamwambia siku ya kutoa nyuzi. Siku ya kutoa nyuzi ilikuwa zamu yangu ya kupumzika.

Baada ya hapo ikawa imekwisha. Alinitumia samaki mara moja kwa mkono wa mfagiaji wetu, nikamla samaki huyo, alikuwa mtamu. Alihamia Kyebando na mumewe. Mimi niliendelea kugonga.

Beatrice alikuwa ameanza shule ya chekechea mama yake aliporudi na mimba ya pili, uchungu umeanza. Daktari Lubowa alikwishaondoka nchini. Zamuni alikuwepo Daktari Atim, kijana kutoka Gulu, mwaka wake wa kwanza. Alifanya alichofundishwa: alitafuta faili, akalisoma, akaangalia kovu. Muhuri ulimwambia mfuko ulikatwa chini, kwa upana. Kovu la ngozi likakubaliana na muhuri. Akaamua mama ajaribu kuzaa mwenyewe, uamuzi ambao kwa karatasi ile hata mimi ningeuafiki.

Niliitwa thieta mambo yalipoharibika. Sikujua ni nani mpaka nilipomwona uso. Tulipofungua tumbo tulikuta mfuko umepasuka wima, palepale, na mtoto wa kiume yuko nje yake. Hakulia. Tulimwokoa mama, lakini kwa kuutoa mfuko wenyewe. Nilipokuwa nahesabu vitambaa nilisikia sauti ya Daktari Lubowa sikioni kana kwamba bado amesimama pale: andika, alafu ambia yeye.

Daktari Atim alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa sakafuni. Baba yake alikuwa polisi, naye alikulia kambini wanakoongea Kiswahili, kwa hiyo na mimi alizoea kukiongea. Aliniambia, "Sista, nimesoma ile faili mara mbili. Mara mbili." Nilimshika bega. Kwenye kikao cha asubuhi wakubwa walimuuliza maswali kwa zaidi ya saa nzima, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikitazama kisogo chake. Muhuri sikuutaja. Jambo nililolifanya pekee mchana ule ni kukaa naye tukaandika maelezo ya operesheni ile ya pili, kurasa mbili, kila kitu: tulichokikuta, tulichokikata, tulichokiacha, saa, damu, majina ya waliokuwemo. Kurasa hizo nyote mmezisoma. Ndizo nilizowafundishia miaka yote, nikiwa nimefunika jina la mgonjwa, kama mfano wa maandishi yasiyo na upungufu.

Siku ya tatu nilishindwa kula. Nilichukua faili nikaenda ofisini kwa mkuu wa uuguzi nikasema yote, kisha nikamtafuta Daktari Atim nikamwambia. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini nilimwacha aulizwe peke yake asubuhi ile. Nilikuwa nimeogopa, basi. Nikaurudia ule muhuri, nikaubandua mpira wake kwa kisu cha thieta, nikautupa kwenye pipa la taka za kuchomwa.

Halafu nikaenda wodini. Furaha alikuwa amelala chali, macho yako darini.

"Banasema nilichelewa kuya," aliniambia. "Ni kweli?"

Nilimwambia si kweli. Nikamweleza alivyokatwa mara ya kwanza, nilichoambiwa nimwambie, na nilichogonga badala yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ile siku nilikupatia mutoto umushike, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na tulicheka."

"Tulicheka."

Aligeukia ukutani. Nilikaa mpaka muuguzi wa wodi aliponigusa mkono akaniambia niende. Furaha aliruhusiwa kutoka wiki iliyofuata, siku ambayo mimi nilikuwa ndani na mgonjwa. Baadaye nilisikia mumewe amerudi Bukavu akaoa mwanamke mwingine atakayemzalia. Sikutumiwa samaki tena, na sikustahili.

Karatasi mnayoijaza leo ilitokana na hayo, haikutokana na warsha yoyote. Nafasi zake ni tupu makusudi. Hakuna neno lililochapwa tayari ambalo mkono mvivu unaweza kulikubali. Ijazwe kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, na aliyekata, si aliyesimama karibu yake. Andikeni mlichokikuta, hata kama ni kile mlichokitegemea. Msiandike kwamba operesheni ilikwenda vizuri. Harusi ndizo zinazokwenda vizuri. Andikeni ni uzi gani, umeshona wapi, na nini kimeachwa ndani. Na ule mstari wa mwisho, ambao wengi wenu mnauruka, ndio niliougombea kuliko yote: mgonjwa ameambiwa nini, na nani, kwa lugha gani.

Haikupokewa kwa mikono miwili. Daktari mmoja mwenye jina kubwa aliniuliza kama nilisomea upasuaji kwa njia ya posta. Kila Ijumaa nilichomoa mafaili kumi nikayasoma mbele ya wote, bila kutaja jina la aliyeandika, lakini kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake. Nilianza kuona kwamba nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika. Watu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Daktari Atim peke yake alijaza karatasi ile tangu siku ya kwanza, kila mstari, lakini naye hakukaa meza moja na mimi mpaka miaka ilipopita. Mume wangu kufikia wakati huo alikuwa na nyumba nyingine Malaba, na malori hayakuwa tena sababu. Nilirudi hapa Kisugu kila jioni nikapika chakula cha mtu mmoja. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akala peke yake. Sikuambiwa hilo chuoni, nami nawaambia ili mtakaposhika kazi hii msishangae.

Maandishi yalibadilika, lazima niseme. Polepole, kwa manung'uniko, lakini yalibadilika. Mwaka wangu wa mwisho nilichomoa mafaili kumi, nikakosa cha kusoma kwa sauti. Mtu mmoja akauliza kama wanaweza kwenda.

Wiki mbili baada ya keki yenu nilipanda taksi kwenda Ggaba, nilikoambiwa Furaha amerudi kuuza samaki. Nilikuwa na bahasha. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili, kwa mkono wangu, maelezo ya operesheni zote mbili za Furaha: ya kwanza kama ilivyopaswa kuandikwa siku ile, na ya pili kama ilivyo kwenye zile kurasa mbili. Akello alinifungulia faili nikanakili, kwa kuwa ni habari za mgonjwa mwenyewe na zinakwenda kwa mwenyewe. Kwenye ule mstari wa mwisho wa operesheni ya kwanza niliandika: hakuambiwa, aliyepaswa kumwambia ni Sista Beatrice.

Nilimkuta kwenye safu ya samaki wa kukaushwa. Alikuwa amenenepa kidogo, kichwa amekifunga kitambaa cha kitenge. Msichana mrefu alikuwa akipanga samaki kwenye karatasi za magazeti. Furaha alinitambua kabla sijafungua mdomo. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Niliiweka bahasha juu ya meza nikamwambia kilichomo. Akaifuta mikono, akampa binti yake bahasha, akamwambia asome kwa sauti.

Beatrice alisoma yote palepale, kati ya wateja. Alipofika kwenye jina langu alinyanyua macho akanitazama, akaendelea. Alisoma juu ya kuzaliwa kwake, mkono uliotangulia, kisu kilichokata wima. Alisoma ya pili. Mtoto wa kiume, hakulia. Mfuko umetolewa. Nyuzi, damu, saa, majina yetu sote. Alipomaliza, mama yake alinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Apa muliandika majina yenu yote," alisema. "Ya yeye iko wapi?"

Sikuelewa mara moja.

"Mutoto wangu. Alikuwa na jina. Tulimupatia mbele ya kumuzika. Hakuna hata mumoja wenu aliuliza."

Zile kurasa nimezifundisha mara ngapi? Nimesimama mbele yenu na chaki nikisema tafuteni kilichokosekana, hamtakipata. Nilitafuta kalamu kwenye mkoba, nikampa binti. Mama yake akatamka, binti akaandika, herufi moja baada ya nyingine. Furaha akaikunja nakala yake akaiweka ndani ya kitenge. Mteja akafika akauliza bei, naye akamgeukia. Nilingoja kidogo, nikaona sina kazi nyingine pale, nikaondoka.

Sikusamehewa, na sikwenda kuomba hilo. Nilirudi nikakaa chini ya saa yenu, na ndiyo sababu nimekubali kuwaandikia baada ya kukataa mara mbili. Mimi siruhusiwi tena kugusa mafaili, na ni sawa, ni sheria niliyoitunga mwenyewe. Nyinyi mnaruhusiwa. Faili liko kabati la tatu, rafu ya chini. Akello analijua ni lipi. Lifungueni kwenye operesheni ya pili, pale palipoandikwa mtoto wa kiume, muongeze kwa kalamu, na tarehe ya siku hiyo, na saini ya atakayeandika: aliitwa Josué.